Rangi Haifichi Kutu

Jamaa zangu wa kikundi chetu cha uandishi wana swali moja ambalo hawachoki kuniuliza: "Hivi wewe ulikwenda Ulaya kusomea nini hasa?" Nikiwajibu kwamba nilikwenda kuotesha utando, wanaangua kicheko. Mmoja wao alinimaliza kabisa Jumamosi moja tulipokutana kusomeana hadithi. "Yaani mwanaume mzima unapanda ndege kwenda kuotesha utando? Si ungechemsha maziwa hapahapa Buguruni, ukayaacha yapoe?"

Tulicheka wote, na mimi nikiwamo. Lakini usiku nikiwa nimejilaza nikaona kumbe mshikaji hakukosea sana. Utando wa maziwa ni kitu cha ajabu ukiutazama vizuri. Hakuna aliyeuweka pale juu. Umejitengeneza wenyewe, tena ukitaka kuutoa mzima ndipo utajua kazi. Ukiuinua kwa kijiko unajikunja, unachanika, unabaki na kitu kama kitambaa kilicholowa. Nilitumia miezi minane ya maisha yangu katika kazi inayofanana na hiyo, na mwisho wake nikajikuta nimesimama mbele ya neno moja tu la kuandika au kutoandika. Hilo neno ndilo linalonifanya niandike makala hii. Lakini siwezi kulifikia kabla sijawaeleza utando wenyewe, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Chukua penseli. Ule weusi unaoandikia ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Grafiti tunayo hata kwetu: iko Mahenge kule Ulanga, na iko Merelani, ambako wengi wetu tunajua tanzanaiti tu. Grafiti ni kaboni, ukoo mmoja na mkaa na masizi ya koroboi, ila atomu zake zimejipanga tabaka juu ya tabaka, kama karatasi ndani ya rimu. Katika kila tabaka atomu zimeshikana kwa pembe sita sita, mfano wa sega la nyuki, na zimeshikana kwelikweli. Bali tabaka moja na jingine hazishikani sana, ndiyo maana ukiandika zinateleza na kubaki kwenye daftari. Sasa basi, ukiweza kupata tabaka moja tu, lisilo na mwenzake juu wala chini, hilo ndilo linaitwa grafini. Unene wake ni wa atomu moja. Ukitaka unene wa milimita 1 itakubidi upange tabaka kama milioni 3.

Mwaka 1947 mwanafizikia P. R. Wallace alikwisha kupiga hesabu za jinsi elektroni zinavyokwenda ndani ya tabaka la namna hiyo. Ilikuwa hesabu ya kwenye karatasi, kwani tabaka lenyewe hakuna aliyekuwa amelitenga na kulipima. Mpaka mwaka 2004, pale Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov na wenzao walipolipata kwa kutumia nini? Selotepu! Walibandika selotepu kwenye grafiti, wakabandua, wakakunja, wakabandua tena na tena, kila mara grafiti inakuwa nyembamba zaidi, mpaka wakabakiwa na vipande vya tabaka moja. Mwaka 2010 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Mimi nilipoisoma habari hiyo nikiwa mwanafunzi hapa Dar, kilichonigusa si tuzo. Ni selotepu. Nilijiambia, kama ni selotepu, basi hata mtoto wa fundi rangi anaweza kuingia humo.

Naam, mimi ni mtoto wa fundi rangi. Baba ana gereji Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, na tangu nikiwa darasa la tano likizo zangu ziliishia pale kama spana boi asiye na mshahara. Kazi yangu ilikuwa msasa. Unauchovya kwenye maji, unasugua boneti, unachovya, unasugua, mpaka vidole vinakunjamana kama vya maiti. Baba aliweza kumaliza siku tatu akiliandaa gari, halafu rangi yenyewe akaipiga kwa nusu saa. Kabla ya kupiga alimwaga maji chini, banda zima, ili vumbi litulie. Kisha anatufukuza wote. Ole wako upite na mandala yako unaburura miguu!

Siku moja nilichoka nikamuuliza, "Baba, kwa nini tunajitesa kusugua mahali ambapo patafunikwa?"

Akaendelea na kazi yake kama hakusikia. Baadaye akasema, "Mwanangu, rangi haifichi kutu. Inaichelewesha tu."

Nikayaona ni maneno ya wazee. Sikujua yatanifuata mpaka ng'ambo.

Septemba 2023 nilipata ufadhili wa mwaka mmoja kusomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza. Mvua, kiza cha saa kumi jioni, na chai yenye maziwa lakini haina ladha ya chai. Hayo tuyaache, wengi wameshayaandika. Januari 2024 nikaingizwa maabara. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipa kazi ya mstari mmoja: otesha utando wa grafini, uhamishie kwenye silikoni, tengeneza transista ambazo njia ya umeme ndani yake ina urefu wa nanomita 200. Basi. Kwa kulinganisha, unywele wako una upana wa nanomita elfu themanini hivi. Kwa hiyo mimi niliyezoea kupaka madigadi ya daladala nilitakiwa kutengeneza swichi ambazo ukizipanga mia nne mfululizo hazizidi upana wa unywele.

Mtaniuliza, kwani selotepu ina tatizo gani? Tatizo ni kwamba selotepu inakupa vipande vidogo, vimetupwa ovyo huku na kule, na inabidi uvitafute kwa hadubini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mchangani. Kwa kufanyia utafiti inafaa sana. Kwa kiwanda haifai. Kiwanda kinataka utando mpana, ule ule kila siku. Ndiyo maana watu wakaacha kubandua wakaanza kuotesha.

Njia zipo kadhaa, nitazitaja mbili. Ya kwanza inatumia jiwe gumu liitwalo silikoni kabaidi. Ukilipasha joto kali, zaidi ya nyuzi 1200, silikoni inatoka juu yake kama mvuke na kaboni inabaki, inajipanga yenyewe kuwa grafini. Walt de Heer na wenzake kule Atlanta, Marekani, wameifanyia kazi njia hiyo miaka mingi, na andiko lao la mwaka 2004 ni miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Uzuri wake ni kwamba utando unaota palepale utakapotumika, hauhamishwi. Ubaya wake ni bei. Jiwe hilo ni ghali.

Njia ya pili ndiyo iliyokuwa yangu: shaba. Mwaka 2009 kikundi cha Rodney Ruoff kule Texas kilionyesha kwamba ukichukua karatasi ya shaba, ukaipasha mpaka nyuzi 1000 hivi, kisha ukaipitishia gesi ya methani na hidrojeni, methani inavunjika juu ya shaba na kuacha kaboni yake. Kaboni inatambaa juu ya shaba, inakutana na wenzake, visiwa vidogo vinaota, vinapanuka, vinaungana. Lakini siri hasa iko hapa: shaba haimezi kaboni. Nikeli inameza, halafu ikipoa inaitapika, unapata tabaka nyingi zisizolingana. Shaba haina tumbo hilo. Na kwa kuwa methani inavunjika ikigusa shaba, basi shaba ikishafunikwa yote kazi inasimama yenyewe. Utando unaota mpaka unajizuia. Mwaka uliofuata, 2010, Wakorea walitumia njia hii kutengeneza utando wa inchi 30, saizi ya kioo cha televisheni.

Nilipoelewa jambo hilo nilifurahi kama mtoto. Kitu kinachojua pa kusimama! Sisi tunaoandika tunajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Basi nikaanza. Unakata karatasi ya shaba yenye unene wa maikromita 25, kipande kama stempu mbili. Unaiosha kwa asetoni, kisha kwa asidi ileile iliyomo ndani ya siki ili kuondoa ukungu wa oksijeni juu yake, unaikausha kwa upepo wa naitrojeni. Unaiingiza ndani ya bomba la kioo cha kwatzi, bomba liko ndani ya tanuri. Pampu inavuta hewa yote. Unafungua hidrojeni. Unawasha tanuri, unangoja. Ukifika nyuzi 1000 unaiacha shaba ipikike nusu saa ili ijinyooshe, kisha ndipo methani, kidogo sana, kwa dakika ishirini. Unafunga, unapoza. Siku nzima imekwisha, na ulichonacho mkononi ni kipande cha shaba kinachofanana kabisa na kile ulichoingiza asubuhi.

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza: kutoona. Gari likipigwa rangi unaona. Hapa unatoka na shaba uleule wekundu. Ili kujua kama kuna kitu, nilifundishwa mbinu moja ninayoipenda mpaka leo. Unaiweka ile shaba kwenye jiko la umeme, nyuzi kama 180, hewani. Mahali penye grafini shaba inabaki inang'aa, kwa sababu oksijeni haipenyi. Mahali pasipo na grafini panaiva, panakuwa pekundu iliyokoza. Kwa hiyo kasoro ndizo zinazojitokeza kwanza. Vipande vyangu vya wiki tatu za mwanzo vilitoka vimejaa mabaka kama ngozi yenye mba.

Wiki ya nne nikaharibu zaidi. Waya wa kupima joto ulikuwa umesogea bila mimi kujua, ukawa unasoma joto la chini kuliko lililokuwemo ndani. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Nilipofungua bomba nikakuta hakuna karatasi. Kulikuwa na matone matatu ya shaba, mviringo, yanang'aa kama hereni. Yule dada wa Kerala aliyekuwa anasomea udaktari katika maabara ile akayatazama, akasema kwa upole kwamba angalau nimetengeneza mapambo.

Jumapili ile nikampigia Baba.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi inakuumizaje?"

Nikamweleza. Si matone, maana niliona aibu, bali yale mabaka. Nikasema kuna utando hautaki kushika sawasawa, sehemu nyingine unashika, nyingine haushiki. Sikutegemea aelewe. Akanyamaza kidogo, nikasikia kwa mbali kompresa ya gereji inanguruma.

"Hicho chuma unachopaka, unakipiga msasa?"

"Si chuma, ni shaba, Baba. Tunaiosha kwa asidi."

"Kuosha si kusugua," akasema. "Bati jipya lina mafuta ya kiwandani na mikwaruzo ya kiwandani. Macho hayaioni. Rangi inaiona."

Nilikata simu nikabaki nimekaa. Jumatatu nikaiweka shaba yangu, haijapikwa bado, chini ya hadubini. Kumbe! Mistari imejaa, yote inaelekea upande mmoja. Ni alama za mashine ya kiwandani inayobana shaba mpaka inakuwa karatasi. Na visiwa vya grafini hupenda kuanzia kwenye mikwaruzo na uchafu, visiwa vingi vidogo vidogo badala ya vichache vikubwa, na kila vinapokutana panabaki mshono. Nilipomwambia yule dada, akanionyesha jinsi ya kulainisha shaba kwa umeme ndani ya asidi ya fosforasi. Msasa wa kisasa. Mabaka yakapungua. Aprili nikapata kipande cha kwanza kilichong'aa chote juu ya jiko. Nikapiga picha nikamtumia Baba, akajibu, "Sioni kitu." Nikamwandikia, "Ndiyo uzuri wake."

Lakini kuotesha ni nusu ya safari. Utando ulioota juu ya shaba hautengenezi transista, kwa sababu umeme wote utapita kwenye shaba. Lazima uhamishwe. Unapaka juu yake plastiki laini, jamii moja na ile ya vioo vya taa za nyuma za gari, iushikilie. Halafu unaelea shaba yako juu ya maji yenye dawa ya kula shaba. Saa zinapita, maji yanageuka bluu kidogo kidogo, shaba inakwisha, na juu ya maji kunabaki kitu kama kivuli cha kipande cha nailoni. Hicho unakivua kwa kigae cha silikoni, kwa mkono, bila kutetemeka, kama yule mshikaji wa Buguruni na utando wake wa maziwa. Unasuuza, unakausha, unayeyusha plastiki kwa asetoni. Juu ya kigae chenye ngozi ya kioo cha nanomita 300, tabaka moja la atomu linaonekana kwa macho kwenye hadubini, zambarau iliyokoza kidogo kuliko pembeni yake. Mara ya kwanza kuiona nilikaa pale nikasahau kula.

Kisha nikaanza kuona mengine. Makunyanzi, kwa sababu shaba hujikunja inapopoa lakini grafini haijikunji pamoja nayo. Michaniko. Vichembe vya plastiki vilivyokataa kutoka. Utando uleule uliokuwa mzima juu ya shaba, umefika ng'ambo umechoka. Nilimhurumia, maana na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Katika miezi hiyo habari kubwa ilikuwa inazungumzwa maabara. Grafini inapitisha umeme vizuri mno. Mwaka 2010 watafiti wa IBM walitangaza transista yake ya gigahezi 100. Lakini ina ila moja: haizimiki. Katika silikoni kuna pengo ambalo elektroni lazima ziruke ndipo umeme upite, na pengo hilo ndilo linalokuwezesha kufunga. Grafini haina pengo. Ni bomba ambalo koki yake haifungi, inapunguza tu. Kompyuta inahesabu kwa washa na zima, sasa utahesabu vipi na kitu kisichozimika? Januari 2024 kikundi cha de Heer, pamoja na wenzao wa Tianjin, China, kilichapisha matokeo ya grafini juu ya silikoni kabaidi yenye pengo la elektroni-volti 0.6. Ya silikoni ni kama 1.1. Watu walifurahi. Mimi nilifurahi na kuogopa kidogo, kwa sababu shaba yangu ikaonekana kama daladala mbele ya treni. Lakini dada wa Kerala alinituliza. Akasema kazi ni nyingi na hazifanani: vipima kemikali, mawimbi ya redio, vioo vya kugusa. Havihitaji vyote kuzimika.

Julai transista zangu zikawa tayari. Kigae kimoja, transista 48, nyaya zake za dhahabu zimechorwa kwa mwale wa elektroni. Siku mbili nilizipima moja baada ya nyingine. Ukibadilisha volti ya chini ya kigae, umeme unaopita unashuka kisha unapanda, mchoro unakuwa kama bonde. Utando ukiwa safi, bonde liko karibu na sifuri. Ukiwa na uchafu wa plastiki na unyevu, bonde linahama kwenda mbali. Hesabu yangu ilikuwa hivi: 31 hazikupitisha umeme kabisa. 12 zilipitisha lakini bonde liko mbali, zimechafuka. 5 zilikuwa na uhai. Na katika hizo 5 ilikuwapo moja, namba 22, ambayo mchoro wake ulikuwa kama wa kitabuni. Bonde lembamba, kali, karibu kabisa na sifuri. Nilipouona nilisimama nikazunguka chumba.

Ripoti ilitakiwa mwisho wa Agosti. Nafasi ya kuendelea na udaktari ilikuwapo moja, na waliokuwa wakiitaka tulikuwa kadhaa. Nikakaa kuandika, na hapa ndipo nawaomba ninyi mnaoandika mnisikilize. Nilichora ule mchoro wa namba 22, nikaandika chini yake: "Mchoro wa 7 unaonyesha transista ya mfano." Sentensi fupi. Kila andiko nililosoma lilikuwa na sentensi kama hiyo. Hakuna uongo ndani yake ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole. Transista ipo, nimeitengeneza mimi, mchoro ni wa kweli, volti ni za kweli. Uongo wote ulikuwa umejificha kwenye neno moja: mfano. Mfano wa nini? Mfano wa ile moja tu!

Mwanafunzi mwenzangu alichungulia akasema iko poa, ndivyo inavyoandikwa, nani ataka kusoma habari za maiti 31. Na kweli, nani anataka? Sisi wenyewe tukitunga hadithi tunachagua. Hatuandiki kila kitu alichokula mhusika. Nililala nikijiambia kuchagua si kudanganya.

Usiku ule nikamkumbuka mwalimu mmoja wa mtaani kwetu. Hadithi yake Baba alinisimulia mara moja tu, na hakurudia. Alipokuwa kijana, kabla sijazaliwa, Baba alipewa pikapu ya mtu aliyetaka kuiuza haraka. Madigadi zimeliwa na kutu. Mwenye gari akasema, funika tu. Baba akakandika puti, akapiga rangi, gari likatoka linang'aa kama embe. Mwalimu akalinunua kwa akiba yake. Masika ilipopita mwalimu akaja gereji. Hakupiga kelele. Alimwita Baba, akaweka kidole gumba juu ya madigadi, akabonyeza. Kidole kikazama mpaka ndani. Akasema, "Fundi, mimi sikukuuliza, ndiyo maana hukuniambia?" Kisha akaondoka. Baba alisema tangu siku ile kila gari linalotoka mikononi mwake, mteja anaambiwa kutu ilikuwa wapi, aulize asiulize.

Asubuhi nilifuta neno. Nikaandika: "Mchoro wa 7 unaonyesha transista bora kuliko zote 48 zilizotengenezwa." Chini yake nikaweka jedwali: 31, 12, 5. Na kwa kuwa nilishaamua kuvua nguo, nikavua zote. Nikachora ramani ya kigae, nikaonyesha kila iliyokufa ilikuwa mahali gani.

Ilikuwa nimpelekee dada wa Kerala aniangalizie lugha. Aliangalia ramani muda mrefu. Akaniomba picha ya ile shaba, ileile, kabla ya kupikwa. Akaiweka kando ya ramani, akaigeuza kidogo. Transista zilizokufa hazikutawanyika ovyo. Nyingi zilikuwa zimejipanga kwa mistari, na mistari ile ilielekea upande mmoja na mikwaruzo ya kiwandani iliyokuwa bado imebaki kwenye shaba baada ya kuilainisha. Sikuwa nimepiga msasa wa kutosha. Ndiyo hivyo. Kama ningeandika namba 22 peke yake, hakuna ambaye angeliona jambo lile, na mimi nikiwa wa kwanza wa kutoliona.

Nisiwadanganye kwamba nilishangiliwa. Nilifaulu kwa alama za katikati. Nafasi ya udaktari ilikwenda kwa mwingine, kijana hodari, namtakia heri. Ila ramani yangu ilibaki maabara, imebandikwa ukutani juu ya tanuri, na nilipoondoka mwanafunzi mpya alikuwa ameanza kazi yake kwa kulainisha shaba mara mbili ya muda wangu.

Nilirudi Dar mwezi wa kumi. Sasa nafundisha fizikia, na Jumamosi nakuja kwenu na daftari langu. Tukisomeana hadithi nasikia mara nyingi mtu anasema "watu wote walilia" au "kila kijana wa mjini", na nataka kumuuliza: wote? Ulihesabu? Lakini nanyamaza, nisije nikaonekana mnoko.

Kigae kimoja nilikuja nacho, kimo ndani ya kiboksi cha plastiki. Nilikipeleka gereji. Baba akafuta mikono kwa tambara lenye thina, akakishika pembeni kwa kucha, akakiinamisha kwenye mwanga kama anavyoinamisha mlango uliotoka kupigwa rangi.

"Hiyo ndiyo uliyokaa nayo mwaka mzima?"

"Ndiyo, Baba. Zilikuwa arobaini na nane."

"Nzima ngapi?"

"Tano."

Akakigeuza tena, akatazama.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

Akanirudishia kigae. Nje kulikuwa na Noah imepandishwa juu ya mawe, boneti imevuliwa. Baba akainama kwenye ndoo, akatoa karatasi ya msasa inayodondosha maji, akanipa.

"Haya. Anzia pale karibu na taa."